Sauti ya Sekela Kwenye Spika

"Onjeni siagi ya karanga, jamani! Tamu, haina mchanganyiko!"

Hakuna shingo iliyogeuka. Ingegeukaje, wakati spika ya muuza mitumba wa jirani ilikuwa ikibweka tangu asubuhi na kumeza kila neno la Sekela kabla halijafika barabarani? Siku hiyo alikuwa amependeza, gauni la kitenge cha zambarau na kilemba chake, makopo ameyapanga kama wanafunzi mstarini. Soko la Tegeta lilifurika watu, na yeye katikati yao alikuwa kama aliyeachwa porini.

Kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi akainama, akaipunguza sauti ile spika.

"Pole, sista. Hayo makelele ni yangu. Naitwa Gozbert, mie ndiye ninayewarekodia matangazo wafanyabiashara wa hapa."

"Kumbe wewe ndiye uliyenikausha koo!"

"Nisamehe. Kwani hii siagi unamuuzia nani?"

"Yeyote anayepita."

"Huyo simjui. Ana watoto? Chai yake anainywa na nini?"

Sekela akabetua mdomo. "Umekuja kununua au kunihoji kama hakimu?"

"Kitendawili," akasema Gozbert.

Hapo alimpata. Binti wa Tukuyu aliyelelewa jikoni kwa bibi, ategewe kitendawili anyamaze? "Tega!"

"Ana mdomo mpana, lakini hajawahi kujitaja jina."

Sekela akawaza, akashindwa, akampa mji.

"Kopo lako," Gozbert akacheka. "Halina lebo. Mtu akilipenda leo, kesho atakuulizia vipi?"

Mapenzi yakaanzia hapo, kwenye lebo. Gozbert alimtoa kwenye mitumba akampeleka karibu na zahanati, kina mama wanapotoka kuwapima watoto uzito. Akamwambia asitangulize bei: apake kipande cha mkate, mtoto aonje, mama aone mtoto anavyolamba vidole. Anayerudi aulizwe kilichomrudisha. Sekela akajifunza kusikiliza watu, na makopo yakaanza kuhama mezani.

Lakini jioni alirudi kulekule. Mjomba wake alikuwa amemweka alinde nyumba ambayo haijaisha kujengwa, chumba kimoja tu ndicho chenye mlango, madirisha mengine yamezibwa kwa mabati. Upepo ukipita, nyumba nzima inakoroma. Alikuwa hana wa kumwambia hata kwamba chumvi imezidi.

"Kitendawili, Gozi wangu," alimwambia kwenye simu.

"Tega, mama."

"Nyumba yangu ina vyumba vitano, anakaa mwangwi."

"Hicho si kitendawili, mpenzi. Huyo ni wewe."

"Basi njoo."

Akawa anakuja. Na siku akichelewa kazini, Sekela alimtumia sauti kwenye simu, ya chini, yenye kicheko kilichojificha: "Umeshakula, mpenzi? Njoo basi ule, nimekuwekea." Gozbert aliirudia hiyo sauti mpaka akaijua pumzi kwa pumzi.

Ndipo Sekela akaenda Dodoma kufuata karanga, meza akamwachia Gozbert. Aliporudi, alishuka Mbezi Luis na magunia yake, akakodi bajaji mpaka Tegeta. Hata hajalipa, akasikia mtu anaongea kwa sauti yake.

"Umeshakula, mpenzi? Njoo basi ule, nimekuwekea."

Ilitoka kwenye spika, ikaisha, ikaanza tena. Watu walikuwa wamejaa mezani. Vijana wa bodaboda wakamwona, wakapiga kelele: "Bado hatujala, mpenzi! Tuwekee na sie!"

Gozbert alimkimbilia, uso unang'aa. "Mama, umeona? Kila anayepita anadhani anaitwa yeye! Siagi imekwisha yote!"

Sekela akaizima spika. "Ile nilikuambia wewe."

"Si biashara yako lakini? Nilitaka ukirudi ufurahi."

"Nilikuambia wewe, Gozbert." Hakumwita Gozi. "Mie sina kitu kingine. Hicho kimoja nilichokuwa nacho, umekionjesha barabara nzima."

Akabeba meza yake, akaondoka. Simu ililia, hakupokea. Ililia tena, akaigeuza kifudifudi.

Kesho yake alirudi palepale karibu na zahanati. Wateja waliendelea kuja, lakini sasa aliuza kimyakimya. Jioni alikaa mlangoni na sahani moja, na ile nyumba ikakoroma.

Siku moja Wilfred, mlinzi wa duka la dawa la jirani, mtu mzima, alikuja akasimama bila kununua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ile spika imeharibika?"

"Niliizima."

"Haya." Akakuna kidevu. "Mke wangu yuko Kigoma. Nilikuwaga napita tu hapa nisikie mtu ananiuliza kama nimekula."

Akaenda zake. Sekela alibaki na kisu cha kupakia siagi mkononi. Hasira haikuisha, ila iliacha nafasi. Akaichukua simu.

"Wewe. Njoo kwangu mchana. Spika usije nayo."

Gozbert alikuja mikono mitupu, amekonda. Akasimama uani kama mgeni.

"Nilikosea, Sekela. Nilisikia tangazo zuri, nikasahau kwamba ni mie niliyekuwa naitwa. Nimeifuta kila mahali. Naomba uniambie tena, mara moja tu. Nimekosa hata usingizi."

Sekela akafungua mdomo. "Umeshakula, m..."

Akaishia hapo. Maneno yalitoka kama tangazo. Wote wawili waliwasikia vijana wa bodaboda ndani yake. Gozbert akainamisha kichwa. Machozi yakamdondoka juu ya viatu.

Sekela aliingia ndani. Akatoka na ndizi na maharage, sahani mbili, akaziweka kwenye mkeka. Kisha akamwinamia sikioni, akamwambia kitu kifupi kwa Kinyakyusa, kile ambacho bibi yake alimwambiaga babu.

Gozbert, mtoto wa Bukoba, hakuelewa hata silabi. "Umesemaje?"

"Sikuambii."

"Nitajuaje sasa?"

"Utakaa hapa mpaka ukijue," Sekela akasema, akamsogezea sahani. "Hata kama ni mpaka uzeeni. Na hiyo simu izime."