Droo ya Babu na Paka wa Miguu Mitatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kutandika kitanda, kumchemshia Bibi chai, na kufagia unga wa mbao. Mbili za kwanza alizifanya huku akiimba. Ya tatu aliifanya huku amenuna, na hata mpita njia angesikia ufagio ukigonga miguu ya meza kwa hasira.

Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani aliitwa Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Babu ndiye aliyempa jina hilo. Babu alikuwa seremala, hodari wa mambo mawili: kutengeneza viti na kubuni majina. Siku moja alirudi kutoka karakana amebeba sanduku la vifaa kwa mikono miwili, taratibu, kana kwamba limejaa mayai. Ndani yake, juu ya maranda, alilala paka wa kijivu aliyegongwa na pikipiki. Daktari wa mifugo alikuwa amemkata mguu wa nyuma wa kulia.

Bibi alishika kiuno. "Mume wangu, wenzako huleta nyumbani paka mzima. Wewe umeniletea robo tatu?"

"Muulize fundi yeyote," Babu akajibu bila wasiwasi. "Meza ya miguu minne huyumba sakafu ikiwa na mabonde. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata siku moja."

Basi paka akaitwa Kigoda. Babu akachukua trei ya bati aliyokuwa akiwekea misumari, yenye ukingo mfupi sana, akaijaza unga wa mbao na kuiweka jikoni, nyuma ya mlango. Hicho kikawa choo cha Kigoda, na kwa miaka minne paka yule hakukosea hata mara moja.

Sasa Babu hakuwepo tena. Alifariki mwaka uliopita, na karakana ikashikwa na Shangazi, binti yake, aliyejifunza useremala kwake tangu utotoni. Nyumbani alibaki Kigoda, na likabaki koti la kazi la Babu, la buluu, ambalo Bibi alilikunja ndani ya kikapu karibu na kiti chake. Bibi hakulifua koti lile. Lilinukia gundi, vanishi na mbao mbichi. Akimaliza shughuli zake, Bibi alilipakata kidogo, akalinusa, kisha akalirudisha kikapuni. Chiriku alimwona mara nyingi, akajifanya hakuona.

Lakini huo unga wa mbao, jamani! Kigoda akitoka chooni alijisukuma kwa mguu wake mmoja wa nyuma, na unga ukaruka naye hadi chini ya kabati. Kuufuata huko, lazima Chiriku apige magoti.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Bibi alimwambia.

"Mimi sikitaki hicho cha mvunguni, Bibi!"

Jumatatu moja Chiriku akapata akili, ile akili inayomjia mvivu haraka kuliko inavyomjia mchapakazi. Uani kulikuwa na beseni la plastiki lenye kina kirefu. Akaumimina unga humo. Mkokoteni wa taka ulipopita, akaitupa trei juu yake.

"Trei ya Kigoda iko wapi?" Bibi aliuliza.

"Ilitoboka kwa kutu, Bibi. Nimeitupa."

"Haya, mke mwenzangu." Bibi alimwita hivyo kwa utani, kwa sababu Babu alizoea kumwita Chiriku mchumba wake. "Mfagiaji ni wewe, na choo chagua wewe."

Uongo ulitoka laini, wala haukumkwaruza kooni. Lakini jioni ile ile Chiriku alimwona Kigoda akijaribu kupanda. Paka aliweka miguu ya mbele kwenye ukingo, akajisukuma, akateleza. Beseni likapinduka na kumfunika. Alichomoka amejaa unga hadi masikioni, akakimbilia chini ya kitanda. Chiriku alitazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Akaliinua beseni, akafagia, akanyamaza. Chiriku, kunyamaza! Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu shaka.

Siku iliyofuata sakafu ilikuwa safi, na Chiriku akapata muda wa kuruka kamba kabla ya shule. Jumatano kukawa na mkojo nyuma ya mlango. Alhamisi, juu ya mkeka. Bibi alifuta akisema, "Masikini, paka wetu amezeeka." Chiriku akainamia daftari lake la hesabu, ingawa hesabu zenyewe alikuwa amezimaliza.

Ijumaa aliporudi kutoka shule, alimkuta Bibi uani akifua. Bibi hakuitikia shikamoo kwa sauti yake ya kila siku. Mikononi mwake, ndani ya povu, lilikuwa koti la buluu.

"Kigoda amelikojolea," Bibi alisema. "Limelowa lote. Ilibidi nilifue."

Chiriku alitua mkoba wa shule chini.

"Kesho saa nne mama mwenye mashine ya kusaga atakuja kumchukua. Anahitaji paka, panya wamemzidi."

"Bibi, pale mashineni kuna mbwa wawili! Na malori yanaingia kinyumenyume!"

"Najua."

"Na Kigoda hawezi kukimbia!"

"Najua, Chiriku," Bibi alisema, akalikamua koti. Hakumwita mke mwenzangu.

Bibi alipoingia ndani, Chiriku alikwenda kwenye kamba ya nguo. Akaushika mkono wa koti, akaunusa. Sabuni tu. Akanusa kola, akanusa mfuko uliokuwa ukikaa penseli. Sabuni, sabuni, sabuni. Gundi haikuwepo, mbao hazikuwepo, Babu hakuwepo. Akalia pale pale, maji ya koti yakimdondokea miguuni. Kisha akafuta uso kwa kiganja na kuingia ndani kabla moyo haujambadilikia.

"Bibi, trei haikutoboka."

Akaeleza yote: beseni, mkokoteni wa taka, paka alivyofunikwa na yeye alivyonyamaza. Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akatazama kikapu kitupu.

"Wahenga walisema majuto ni mjukuu," alisema hatimaye. "Hawakukosea. Wangu ndiye huyu amesimama mbele yangu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nenda kwa shangazi yako. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze hata neno. Choo kinachomfaa Kigoda kikipatikana kabla ya saa nne kesho, atabaki. Kisipopatikana, mimi neno langu nimeshalitoa."

Chiriku alikimbia mpaka karakana. Shangazi alizima mashine ya kupasulia mbao, akamsikiliza akiwa na penseli juu ya sikio, kama Babu.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Kisanduku chenye ukingo mfupi."

"Mfupi kiasi gani?"

"Mfupi tu, Shangazi."

"'Mfupi tu!' Babu yako angekufukuza humu ndani na vumbi lako. Yeye hakupima mbao kabla ya kumpima mtu. Mteja akitaka kiti, kwanza aliketishwa juu ya lile pipa, akapimwa goti. Ukimwambia 'tengeneza tu,' anaweka msumeno chini." Akamrushia futi. "Nenda ukampime mteja wako."

Kumpima paka si mchezo. Kigoda alidhani futi ni nyoka, kisha akadhani ni zawadi. Lakini Chiriku hakukata tamaa. Akalala kifudifudi sakafuni, akamtazama kwa makini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote minne. Akaona kwamba Kigoda, kila aliposimama, alisogeza ubavu wa kulia ukutani ili ukuta umshikilie pale penye pengo. Akaona anavuka kizingiti chenye kimo cha vidole viwili bila taabu, lakini alipowekewa tofali, alilizunguka. Akaona anapogeuka anahitaji nafasi kubwa, maana mguu mmoja wa nyuma haugeuki kwa haraka. Yote hayo akayaandika katika daftari, akampelekea Shangazi.

Jumamosi asubuhi Shangazi alifika na vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa sinia pana. Kigoda alipolikanyaga, likateleza, naye akalitazama kama aliyetukanwa. Cha pili kilikuwa kisanduku alichokipunguza ukingo. Kigoda aliingia vizuri, akashindwa kugeuka, akatoka kinyumenyume.

Shangazi akasita kabla ya kuonyesha cha tatu. Ilikuwa droo ya meza ya kazi ya Babu, ndefu, pana, ya mbao nzito.

"Hii haitelezi, na nafasi ipo," alisema. "Lakini kuta zake ni ndefu. Ingebidi nikate upande mmoja. Na mama, tazama humu."

Bibi akasogea. Kwenye ubao wa ndani, kwa penseli, kulikuwa na tarakimu nyingi za mkono wa Babu: vipimo vya magoti ya watu, na kando ya kila kipimo jina la mwenye goti. Cha Bibi kilikuwa cha kwanza kabisa. Akakipitishia kidole, polepole, kisha akatazama ukuta wa droo uliokuwa mtupu, usio na maandishi.

"Kata huu," alisema.

"Una hakika, mama?"

"Baba yako hakuacha mbao ikae bure. Kata, saa nne inakaribia."

Msumeno ukalia. Shangazi akakata mlango mfupi, akiacha kizingiti cha vidole viwili tu, Chiriku akaupiga msasa mpaka ukawa laini. Wakatandika nailoni ndani, wakamimina unga wa mbao, wakaisukuma droo ukutani kwa upande ambao Kigoda angeegemeza ubavu wake wa kulia. Hapo ndipo mama mwenye mashine alipobisha hodi, mkononi ana gunia tupu.

"Karibu, jirani. Subiri kidogo," alisema Bibi.

Wote wanne wakasimama jikoni. Kigoda alinusa droo. Akaizunguka. Akaketi, akalamba kifua kana kwamba siku ni ndefu. Chiriku alibana midomo kwa vidole. Kisha paka akasimama, akaegemea ukuta, akavuka ule mlango mfupi, akageuka mzimamzima bila kuyumba, akachimba na kuchuchumaa.

"Samahani sana, jirani," Bibi akasema. "Kumbe paka hana kosa. Mkosaji ni huyu mwingine, na huyu simtoi."

Mama mwenye mashine akamtazama Chiriku. "Hasara. Huyu ningemchukua. Anajua kufagia?"

"Anajifunza."

Mama akacheka, akakunja gunia lake, akaaga. Nyuma yao Kigoda akajirusha nje ya droo, na unga ukaruka naye hadi chini ya kabati, hadi mlangoni, kila mahali. Chiriku alikuwa ameshashika ufagio. Akapiga magoti bila kuambiwa.

Bibi akavuta kiti. "Sikiliza, mjukuu wangu. Miaka arubaini nimefagia unga huu. Babu yako aliingia nao kwenye viatu, kwenye nywele, kwenye mikunjo ya suruali. Kila siku nililalamika. Alipoondoka, sakafu ikawa safi, nikaichukia. Huyu paka ndiye aliyekuwa akinirudishia. Wiki hii unga ulipokoma, sikujua nimekosa nini. Nilijua tu kwamba nyumba imenyamaza."

Chiriku aliinua uso umejaa machozi. "Na koti nimekuharibia, Bibi."

"Umeniharibia, ndiyo. Harufu ile hairudi, na sitakudanganya kwamba hainiumi. Lakini ukweli umeuleta mwenyewe, kwa miguu yako, na ndio uliomwokoa Kigoda. Shika neno hili: ulitafuta choo kinachokufaa wewe, ukamsahau mwenye choo. Uvivu wako ukazaa uongo, na uongo ukaenda kumkamata asiye na kosa. Ukipewa kumtunza mtu au mnyama, mpime yeye kwanza, kama babu yako, ndipo uchukue msumeno."

"Nimesikia, Bibi."

Akafagia chini ya kabati, akafagia chini ya meza, akakusanya unga wote ukawa kilima kidogo. Alipofika mlangoni, pale ambapo Babu alizoea kusimama kukung'uta viatu, Bibi aliinua mkono.

"Hapo acha kidogo, mke mwenzangu," alisema. "Hapo acha."