Gurudumu la Mwisho

Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mola aliyeutuma upepo juu ya ardhi na akaitia pumzi vifuani mwa waja wake. Kwake ni shukrani, na kwake ndiko kunakoombwa nguvu ya kulianza jambo na subira ya kulimaliza.

Watu wa hadithi hii wanatoka nyumba moja, na adabu inataka watajwe kwa daraja zao, mkubwa kwanza. Wa mbele yao ni Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nuru lakini ulimi wake ulikuwa na makali ya wembe mpya. Wa pili ni mwanawe, Mjomba, mwokaji mikate, mtu wa kifua kipana na mabega mapana, ambaye hucheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha. Wa tatu ni Mama, mdogo wake Mjomba, fundi wa cherehani katika karakana ya kushona sare za wanafunzi. Wa mwisho ni binti wa Mama, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ambaye wenzake wa shule walimwita Umeme kwa jinsi alivyoendesha baiskeli. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa siku ya kuzaliwa.

Kila asubuhi nyumba hiyo iliamshwa na mlio wa magurudumu. Mjomba alirejea kutoka kwenye tanuri akiwa na kikapu cha mikate ya moto nyuma ya baiskeli na unga kwenye nyusi. Mama alibonyeza matairi ya baiskeli yake kwa kidole gumba, akayajaza upepo, akalifunga sanduku la mikasi na nyuzi, akaenda kazini. Umeme aliosha vikombe, akafagia ua, akamwekea Bibi maji ya kunawa, kisha akaelekea shuleni kwa njia ya mbali. Aliichagua njia hiyo kwa sababu ilipita mbele ya uwanja wa klabu ya baiskeli ya jiji. Hapo husimama kando ya ua wa waya akawatazama vijana wa klabu wakizunguka kwa mstari, baiskeli zao nyepesi zikivuma kama nyuki, na mwalimu wao akiwa na kipenga shingoni. Hapakuwa na jambo alilolitamani duniani kuliko kuwa upande wa pili wa waya ule.

Klabu haikumpokea kila abishaye hodi. Kila mwaka ilichukua vijana watatu tu, nao walipatikana katika Mbio za Jiji, siku ambayo barabara za katikati ya mji hufungwa na raia wa kawaida wakashindana kwa baiskeli. Kila timu ilikuwa na watu watatu wa ukoo mmoja, mmoja wao akiwa kijana wa shule. Kijana wa kila moja ya timu tatu za mwanzo ndiye aliyepata nafasi. Timu ziliondoka moja baada ya nyingine, na kila moja ilipimwa kwa saa yake. Na sharti kubwa lilikuwa hili: saa haikusimama alipofika wa kwanza wala wa pili, bali gurudumu la mwendeshaji wa mwisho wa timu lilipogusa mstari.

Sharti hilo ndilo lililomnyima Umeme usingizi, kwa maana katika nyumba yao mtu wa tatu ajuaye kuendesha baiskeli alikuwa Mjomba. Naye kwa miaka mingi alikuwa amezoea mwendo wa mikate, yaani mwendo wa kutokimwaga kilichomo kikapuni.

Walifanya mazoezi kila jioni. Mama aliwafundisha kwenda kwa mstari, mmoja akiwa mbele akiukata upepo na wawili nyuma yake wakipumzika kivulini mwake, kisha kubadilishana zamu. Mjomba alilipenda somo hilo na kulitii. Umeme aliliona ni kongwa shingoni. Zamu yake ya mbele ilipofika alichomoka, akageuza kichwa, akawaona wenzake wako mbali, ikambidi awangoje kwenye kona, mguu mmoja chini, akiangalia mawingu.

Darasani habari zilikuwa zimeenea. Mwanafunzi mmoja aliyeitwa Kocha, kwa kuwa hakuna mchezo ambao hakuutolea maagizo, naye alikuwa akishiriki na baba yake na dada yake. Siku moja alimwendea Umeme mbele ya wenzao.

"Nakuhurumia, dada," alisema. "Mjomba wako akifika kwenye mstari, sisi tutakuwa tumeshaoga, tumeshakula, na kazi ya nyumbani tumeshamaliza."

Darasa zima liliangua kicheko. Umeme naye alicheka pamoja nao, kisha akaona haya, kwani alikumbuka kwamba mkate alioula asubuhi ile ulitoka katika mikono ya huyo aliyekuwa akichekwa. Hata hivyo aliendelea kucheka.

Siku ya mbio ikawadia. Kamba zilifungwa kwenye njia panda na wasimamizi wenye fulana za njano wakasimama kila pembe. Taa za barabarani ziliendelea kubadilika kutoka nyekundu hadi kijani bila gari hata moja la kuzitii. Barabara ambazo siku zote Umeme alizipita kwa kujibanza ukingoni, leo zilikuwa zake kutoka ukuta hadi ukuta. Bibi aliwekewa kiti mbele ya karakana ya Mama, mahali ambapo waendeshaji wangepita katika kila mzunguko. Alisema hahitaji macho, magurudumu ya watu wake atayajua kwa masikio.

"Na wewe, mke mwenzangu," alimwambia Umeme, "ukishinda, nitakuachia babu yako huko nyumbani moja kwa moja. Mimi nimemchoka."

Umeme alicheka, na moyo wake ukawa mwepesi. Miguu yake ilikuwa na nguvu, mnyororo ulikuwa umetiwa mafuta, na hakuona sababu ya kuogopa. Mizunguko ilikuwa mitatu. Timu ya Kocha ilitangulia kuondoka, kisha kipenga kikalia kwa ajili yao.

Mwanzoni walikwenda kama walivyofunzwa. Lakini walipoipita bustani ya hospitali, Umeme aliziona mbele yake fulana za timu ya Kocha, na damu ikamchemka. Alijiambia kwamba akitangulia, wenzake watalazimika kumfuata kwa kasi, kama mkokoteni ufuatavyo anayeuvuta. Hakukumbuka kwamba mkokoteni umefungwa kamba. Alibadilisha gia, akasimama juu ya pedali, akaondoka. Sauti ya Mama ikimwita ilimfikia, naye akaiacha nyuma.

Ilikuwa raha isiyo na mfano. Aliipita timu ya Kocha karibu na soko, watu wakamshangilia kwa makofi, naye akauona mji mzima ukimpisha. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha alipita mbele ya karakana. Bibi alikuwa ameinama, sikio limeelekea barabarani.

"Mbona gurudumu moja?" aliuliza Bibi kwa sauti iliyowafikia wote. "Mke mwenzangu, wenzako umewauza wapi?"

Watu walicheka. Umeme alikanyaga pedali kwa nguvu zaidi ili kicheko kile kisimfuate.

Ndipo alipoingia katika barabara ya maghala, ndefu na iliyonyooka, yenye kuta ndefu kila upande. Katika mzunguko wa kwanza hakuusikia upepo, kwa maana nguvu zake zilikuwa bado hazijapungua. Sasa upepo ulimjia usoni, ukapita mikononi, ukamsukuma kifuani kama mtu anayemzuia mwenziwe mlangoni. Aliinama, akavuta pumzi, akapambana. Mapaja yakaanza kuwaka, kisha yakawa mazito kama magunia yaliyolowa. Timu ya Kocha ilimfikia, watatu kwa mstari mmoja, wametulia. Kocha, aliyekuwa katikati, hakuiacha nafasi hiyo ipotee.

"Leo umeme umekatika," alisema, wakapita.

Machozi yalimjia Umeme, upepo ukayakausha kabla hayajafika shavuni. Aliona ndoto yake ikienda mbele pamoja na fulana zile, na akajua kwamba hakuna aliyeisukuma isipokuwa yeye mwenyewe. Mara akasikia nyuma yake mlio wa baiskeli mbili, wa taratibu na usiokatika. Walikuwa Mama na Mjomba. Mjomba alikuja sambamba naye, uso umelowa jasho.

"Mjomba, nimewaharibia," alisema Umeme.

"Ingia nyuma yangu kwanza, mama," Mjomba alimjibu. "Aibu tutagawana tukifika."

Umeme aliingia nyuma yake, na hapo jambo la ajabu likatokea: upepo ukakoma kama mlango uliofungwa. Mgongo wa Mjomba, ule aliouona kuwa mzigo wa timu, ulikuwa ukuta, na nyuma ya ukuta huo kulikuwa na utulivu mtupu. Pumzi zake zikarudi moja moja. Alimtazama mtu huyo akibeba upepo wa watatu pasipo kunung'unika, akaona haya kuliko alivyoona darasani siku ile.

Tangu hapo walikwenda kwa zamu. Mama alipochoka, Mjomba alishika nafasi. Mjomba alipohema, Umeme alipita mbele, kisha akarudi nyuma kwa wakati wake bila kuambiwa. Hawakuonekana kuwa na haraka, lakini timu moja baada ya nyingine waliifikia na kuiacha. Walipopita mbele ya karakana mara ya pili, Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika na kusema kwamba sasa anasikia nyumba nzima.

Katika mzunguko wa mwisho uliwajia mtihani uliobaki. Kwenye mwinuko wa daraja la reli, misuli ya mguu wa Mjomba ilikaza. Mwendo wake ukavunjika, akaanza kubaki. Mbele yao, juu ya daraja, zilionekana tena fulana za timu ya Kocha, na Umeme sasa alikuwa na nguvu za kutosha kuifikia. Watu waliojipanga kando walimpungia mikono, wakimhimiza asipoteze muda na awaache wazee. Kwa kitambo kidogo vidole vyake viligusa gia.

Kisha akaviondoa. Alipunguza mwendo mpaka akawa mbele ya Mjomba, karibu kabisa.

"Mjomba, sema wewe mwendo," alimwambia. "Wewe ndiye saa yetu."

"Polepole mpaka juu," alijibu Mjomba kwa shida. "Kisha nitakuambia."

Umeme akaenda akisikiliza. Pumzi ya Mjomba ilipokwaruza, alilegeza. Ilipotulia, aliongeza kidogo. Mama alikaa ubavuni mwa kaka yake, mkono mmoja mgongoni mwake kwa kumtia moyo. Walipofika kileleni mguu ulikuwa umelegea, na Mjomba akasema sasa twende. Wakateremka daraja kama jiwe moja lililogawanyika mara tatu, Umeme mbele kabisa akiukata upepo kwa mwili wake mdogo, shingo ikigeuka kila mara kutazama nyuma. Gurudumu la Umeme, la Mama na la Mjomba yaliugusa mstari kwa kufuatana, bila mwanya wa kupitisha mtu kati yao.

Mjomba alishuka akalala chali katikati ya barabara, akicheka kimyakimya. Matokeo yalipotangazwa, timu ya Kocha ilikuwa ya pili, na timu yao ya tatu, kwa tofauti ndogo sana na ya nne. Mwalimu wa klabu alikuja kumpa Umeme mkono na kumwalika uwanjani. Alimuuliza kwa nini alikuwa akitazama nyuma sana, ilhali waendeshaji hufundishwa kutazama mbele.

"Timu yangu ilikuwa huko," alisema Umeme.

Mwalimu alitabasamu, akamwandikisha. Kocha naye alikuja, na kwa mara ya kwanza hakutoa maagizo. Alimwomba radhi Mjomba kwa mzaha wake, na Mjomba akamwalika aje tanurini siku yoyote ajionee mkate unavyookwa.

Baada ya barabara kufunguliwa walirudi nyumbani wakizikokota baiskeli, Bibi akiwa ameshika mkono wa mwanawe. Hapo ndipo Mama alipoyasema aliyokuwa ameyahifadhi tangu asubuhi.

"Mwanangu, leo tungeweza kuwa wa kwanza."

"Najua, Mama. Ni mimi niliyeupoteza muda wetu."

"Na ni wewe uliyeurudisha. Nimeyaona yote mawili. Nguvu ni amana. Mola hakumpa mtu nguvu ili awaonyeshe wenzake visigino. Kampa ili walio nyuma yake wapate pa kupumulia. Na siku nguvu zitakapokuishia wewe, usione haya kuingia nyuma ya mgongo wa mwenzako, hata kama jana ulimcheka."

Umeme aliinama, akasogea karibu na Mjomba, akamwomba msamaha kwa kicheko cha darasani, ambacho Mjomba hakuwahi kukisikia. Mjomba akamsamehe kabla hajamaliza kukieleza.

Ee Mola, uliyewafikisha hawa salama, uwalinde pia waliobaki njiani na ambao bado hawajaiona tamati ya safari yao. Uwape afya miguuni, subira vifuani na wenza wema mbele yao na nyuma yao, wala usimwache yeyote kati yao peke yake penye upepo. Amina.