Pumzi kwenye Mizani ya Baruti

Mizani iliinama, na hakuna aliyekuwa amepumua.

Bilha angeweza kuapa, maana mumewe alikuwa amemkataza hata kuhema karibu na ile meza ya jikoni. Mizani ilikuwa ndogo, nyepesi, ukiipumulia tu inakudanganya. Na baruti ikizidi ndani ya ganda la risasi, bunduki kuukuu inampasukia mpigaji usoni. Kalisti, mwana wa mwindaji wa Tabora, alikuwa amealikwa na bosi wake wa ghala la Landover, hapo Marekani walipoishi, wakawinde dubu milimani West Virginia. Bunduki, maganda, mizani, vyote alipewa na mjane mmoja wa Adelphi. Bure! Mama wa watu alimsaidia hata kubeba, kisha akafunga mlango upesi.

"Nani anapeana bunduki bure, Kalisti?" Bilha aliuliza. Alikuwa Mkisii wa Keroka, akihudumia wazee majumbani, na vya bure havikumlainisha. "Rudisha hii kitu kwa mwenyewe."

"Acha woga, mke wangu. Risasi zake ni za kizamani, lazima ujaze mwenyewe." Akamwonyesha vichwa viwili vya risasi, vinene kama kidole gumba. "Hiki chepesi kinakwenda mbio, ila kinataka baruti nyingi. Hiki kizito, baruti kidogo tu, lakini kikimfika dubu kinavunja mfupa. Nimechagua kizito. Bunduki imezeeka, haitaki fujo."

Mizani ikainama tena. Ikainuka, ikainama, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Jikoni kukanuka ngozi mbichi.

"Ongeza," ikasema sauti nzito ya kiume, karibu kabisa na sikio la Bilha.

"Umesikia?" akanong'ona.

Kalisti aliikodolea macho mizani. Midomo ilikuwa imempauka. Alichukua risasi aliyoijaza jana, akaichomoa kichwa kwa koleo, akaimimina sahanini. Baruti ikatoka, ikatoka, maradufu ya ile aliyopima. Akafungua ya pili na ya tatu. Zote vilevile.

"Sikujaza hivi mimi," akasema.

"Basi huendi!" Bilha alilisukuma kopo la baruti mbali naye. Alijiona mjane katika nchi ya baridi, akirudi Keroka na jeneza lisilofunguliwa. "Kalisti, huendi!"

"Nimeshaahidi. Miaka yote pale ghalani wananiona wa kubeba makatoni tu. Nitajaza upya."

Ukaidi huo, jamani! Alijaza upya, akazifungia kabatini. Kesho yake wakafungua moja mbele ya macho yao wawili, na ilikuwa imeshiba tena. Hapo Bilha hakuomba ruhusa ya mtu. Akampigia simu Mama Honorata wa Tanga, aliyejulikana jengo zima kwa kuzungumza na majini.

Mama Honorata akaja mchana, na chetezo chake mfukoni mwa koti. Wakatoa betri ya king'ora cha moshi, akafukiza ubani.

"Shikamoo, mama," Kalisti akasema.

"Marahaba. Mwenye vitu hivi alikufaje?"

Kalisti akainamisha kichwa. "Mezani, mama. Akijaza risasi. Mjane aliniambia."

"Na hukuniambia mimi?" Bilha alimaka.

"Mgombane baadaye," mama akawakatiza. "Huyu hafukuzwi kwa kelele, atapandwa na hasira. Tutamsindikiza, kama mgeni yeyote. Ila mkimfikisha, msimuage. Neno lolote la kuaga, analishika."

Wakashuka hadi kijito nyuma ya majumba, Honorata mbele na moshi wake, Kalisti na mizani, Bilha na kopo la baruti na risasi zote, na nyuma yao majani makavu yakavunjika chini ya miguu ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, miguu mizito, isiyo na haraka, huku harufu ya ngozi mbichi ikiwapumulia shingoni hadi Bilha akahisi nywele zake zikilowa.

Kalisti akamwaga baruti majini, akatupa risasi, akaweka mizani juu ya jiwe. Ikainama, ikainuka, ikatulia. Kisha hatua zikawapita, zikavuka maji, zikaenda zake mitini, na harufu ikazifuata.

Bilha alitaka kulia kwa furaha. Mumewe mzima! Akamshika mkono, akashusha pumzi. Na mdomo wake, uliolelewa katika hoteli ya chai ya mama yake, mdomo ambao haukuwahi kumwachia mgeni aondoke kimya, ukamponyoka:

"Karibu tena."

Hatua zikasimama.

Mama Honorata akageuka, macho yamemtoka. Bilha alitaka kumwambia samahani, mama, ni mazoea tu, lakini kifua chake kilikuwa kinapanuka kwa pumzi asiyoivuta yeye, pumzi ndefu yenye harufu ya ngozi mbichi, iliyoshuka hadi tumboni, ikajipangia mahali, ikapanda tena, na kinywa chake kikafunguka, kikajibu kwa sauti nzito ya kiume:

"Asante. Nishakaribia."

Kalisti akauachia mkono wake.