Ndafu Aliyepanda Bodaboda

Sinia lilikuwa mezani, visu vilikuwa mezani, hata pilipili ilikuwa mezani. Aliyekosekana ni marehemu mwenyewe.

Inspekta Deusdedit Magesa wa kituo cha polisi Katoro alilizunguka sinia, akainama, akanusa. Mafuta yalikuwa hayajaganda. Marehemu alikuwa beberu mzima, aliyechomwa taratibu tangu alfajiri, akasimamishwa kwa miguu yake yote na majani mdomoni, kama Wachaga wanavyomwandaa ndafu. Jioni ile, kwenye sendofu yake, sherehe ya kuagwa na ukoo kabla ya harusi, Noela alitakiwa amkate na kuwalisha wakwe zake. Sasa yalibaki majani tu, yamefungwa vizuri kwa uzi mwekundu.

Mama yake Noela, Serafina Tarimo, ndiye mwenye mgahawa huo walimokuwa. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, akipepewa. Alieleza kwa tabu kwamba kaka yake mkubwa amekuja na basi dogo lililojaa ndugu kutoka Rombo, na ameshatamka kuwa bila ndafu hakuna sendofu, na bila sendofu mtoto haendi kwa mtu.

"Nani aliingia jikoni?" Magesa aliuliza.

"Afande, uliza nani hakuingia."

Vumilia, msichana wa jikoni, ndiye aliyetoa fununu ya kwanza. Asubuhi alimwona Mzee Ogolla, baba wa bwana harusi, amesimama dirishani na simu sikioni. Alikuwa akiongea Kijaluo, lugha ambayo Vumilia haijui, ila neno moja alilidaka.

"Alisema Rombo. Tena na tena. Na alikuwa anacheka."

Kuwacheka watu wa Rombo, siku ambayo ndafu wa Rombo ametoweka? Magesa hakuhitaji zaidi. Mzee Ogolla alipelekwa kituoni akiwa na suti yake mpya na ua kifuani.

"Ulikuwa unawasema Wachaga?" Magesa alianza.

"Nilikuwa namsema kondoo."

"Kondoo gani?"

"Kwetu rombo ni kondoo. Nimeleta dume moja kutoka Shirati, zawadi kwa wakwe. Nilikuwa namwambia mdogo wangu jinsi alivyosumbua kwenye basi. Yuko nyuma ya gesti tuliyofikia, nenda kamwone."

Askari aliyetumwa alimkuta kweli, anatafuna maua ya gesti. Polisi mwingine angeomba radhi na kumwachia mzee wa watu. Lakini Magesa alikuwa na ugonjwa wa maneno. Humwambii kitu kama hicho halafu ukatoka. Alivuta kiti, akaagiza chai, akaanza kueleza jinsi lugha zisizo na undugu wowote zinavyokutana kwenye neno moja, kama wageni wawili waliovaa shati la aina moja stendi, kila mmoja na safari yake. Alimweleza kwamba Mrusi akisema baba anamaanisha mwanamke. Alimsimulia habari za padri mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa akigeuka mwekundu kila waumini wakimuuliza habari za kazi, kwa sababu neno hilo kwao lina mwenzake asiyetamkwa mbele ya watoto. Mzee Ogolla alicheka hadi ua likadondoka, naye akachangia ya kwake. Mtuhumiwa na mpelelezi wakawa marafiki, na ndafu akasahaulika.

Askari wa zamu, waliosikia kondoo akitajwa mara nyingi namna ile, walitoka wakaenda mnadani kufanya msako. Walirudi na kondoo kadhaa, nyuma yao wenye kondoo wakitukana kwa Kisukuma.

Katika purukushani hiyo aliingia Noela. Nywele zilikuwa bado kwenye rola na kucha zimepakwa rangi mkono mmoja tu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti yangu."

"Baba mkwe wangu yuko polisi siku ya sendofu yangu. Ndugu zake wanafunga mabegi, wanasema tumemwita mwizi. Wajomba zangu nao wanafunga mabegi. Ukimaliza kufundisha, mimi nitaolewa na nani?"

Magesa aliona aibu, na aibu hiyo ilimfaa. Alimwachia mzee, akamwomba radhi mbele ya watu, kisha akatoa mfukoni yale majani aliyoyachukua kwenye sinia. Kwa mara ya kwanza siku ile aliacha kufikiri maneno, akaufikiria uzi.

Alirudi mgahawani, ambako nyuma kulikuwa na kijiwe cha bodaboda. Dereva aitwaye Jilala alikuwa ameegemea pikipiki yake.

"Leo asubuhi umebeba nani kutoka hapa?"

"Nilimbeba fundi cherehani, Dorah. Na mgonjwa wake."

"Mgonjwa gani?"

"Alikaa katikati yetu, amefunikwa kitenge. Nilimpa pole, hakujibu. Mgongo wangu ulikuwa unaungua kwa joto lake, nikajua ni malaria."

"Hukuona pembe?"

"Afande, mimi natazama barabara."

Serafina alipoambiwa alikataa katakata. Dorah ni mtu wake wa zamani, Mpare kutoka Same, ndiye aliyeshona hata shela ya Noela. Hata hivyo aliongozana na Magesa na pingu zake, Noela na kaka mtu wakifuata.

Walikuta mlango wa duka uko wazi kabisa. Ndafu alikuwa amesimama kando ya cherehani, chini ya kitambaa safi, hajaguswa hata sikio. Dorah alikuwa amekaa mbele yake na mikono mapajani.

"Umemchukua wewe?" Magesa aliuliza.

"Nimemchukua."

"Unakiri kosa la wizi?"

"Wizi gani, afande? Mimi Mpare, yule Mchaga, ni mtani wangu wa jadi, namchukulia na kumtukana nitakavyo. Nimemwachia majani na uzi wangu ajue ni nani. Nimekaa hapa tangu asubuhi namsubiri aje amkomboe. Kaniletea polisi."

Magesa alizirudisha pingu mfukoni. Alishaona watani wakilishika jeneza msibani mpaka wapozwe kwa fedha, na hakuwahi kusikia mtu amewafungulia jalada. Aliuliza tu, kwa upole, kilichomsukuma. Dorah hakumjibu yeye, alimgeukia Serafina.

"Tulipokuja Katoro tulikuwa wawili tu wa kule milimani. Unaniita bahili, nakuita mwizi, tunalala tumecheka. Ukapata mgahawa, ukapata marafiki wenye dhahabu, ukaanza kuniita dada Dorah. Asante dada Dorah, samahani dada Dorah. Nimeshona shela ya mtoto niliyembeba mgongoni, ukaniletea kadi, meza ya mafundi wa muziki, karibu na mlango." Alinyoosha kitambaa cha ndafu. "Mwaka mzima hujanitukana, Serafina. Nilidhani umeshanizika."

Serafina alijiziba mdomo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alikuwa akidhani anamheshimu mwenzake, kumbe alikuwa anamfukuza kidogo kidogo, na jambo hilo lilimuuma kuliko ndafu kumi. Alimwendea yule beberu, akafunua kitambaa, akamkagua miguu na mbavu.

"Mpare bahili wewe," alisema. "Hata mbuzi wa bure umeshindwa kumla."

"Umemchoma vibaya, mwizi mkubwa wewe."

Wakakumbatiana hapo hapo, wanalia na kucheka. Magesa alikuwa amelitumia neno mwizi kazini miaka yote, na hakuwahi kulisikia likisemwa kwa mapenzi hivyo.

Fidia ilikuwa meza ya mbele na kipaza sauti. Jioni Dorah aliwatukana watu wa ukoo wa Tarimo mmoja mmoja, tangu babu hadi mjukuu, mpaka kaka mtu akashika mbavu, naye Mzee Ogolla akaomba atukanwe na yeye asibaguliwe.

Noela alimkata ndafu na kuwalisha wakwe zake, kisha wazazi. Watu walipoanza kupiga makofi wakidhani amemaliza, alichoma kipande kingine kwa kijiti, akatembea nacho hadi alipokaa Dorah.

"Fungua mdomo, mama bahili," alisema.