Hongera ya Nukta

Asubuhi katika nyumba ya Mama Keki huanza kwa harufu. Kabla jua halijafika dirishani, siagi na vanila zimeshaamka. Harufu hupita chini ya milango, huingia vyumbani, hulala kwenye mito pamoja na watu. Baba wa nyumba ni fundi wa majokofu. Yeye husema hajawahi kuota ndoto chungu tangu aoe.

"Ndoto zangu zote zina sukari," huwaambia wateja wake.

Mama Keki yeye huota akiwa macho. Akikoroga unga, mawazo husafiri. Mkono unazunguka, mwiko unazunguka, naye hayupo tena jikoni. Yuko kwenye ukumbi mrefu wenye sakafu inayong'aa. Mbele yake anatembea daktari msichana aliyevaa koti jeupe, na watu wanampisha njia. Daktari huyo ni binti yake.

Ndoto hii aliianza siku aliyomzaa. Mtoto alikuwa mdogo sana, mpaka wauguzi wakamtania kwa kumwita Nukta. Jina likaganda. Sasa Nukta alikuwa mrefu kuliko mama yake. Alikuwa amemaliza mtihani wa sekondari, na nyumba nzima ilikuwa ikingoja matokeo.

Msimu wa matokeo, Mama Keki hana pa kushika. Simu haikati. Kila mzazi anataka keki ya kumpongeza mwanawe. Mama hupika, na Nukta ndiye anayeandika juu yake. Anaushika mfuko wa krimu kwa mikono miwili, anabana pumzi, na herufi zinatoka taratibu, laini, zikifuatana bila kugongana. Wateja huja na kusimama kumtazama tu. Mmoja aliwahi kusema, "Mwandiko huu mtu anaona huruma kuukata kwa kisu."

Matokeo yakatoka siku ya mvua nyepesi. Wote watatu waliinamia simu ya baba pale mezani. Baba ndiye aliyesoma.

"Amefaulu," alisema. Akamtazama mkewe usoni.

Mama akaichukua simu. Macho yake yaliruka masomo yote, yakaenda moja kwa moja chini, kwenye jumla. Alama zilikuwa za wastani. Za kufaulu, ndiyo, na za kuingia chuo cha ufundi. Lakini si za udaktari.

"Wastani," alisema Mama Keki. Akairudisha simu. "Nina keki ndani ya oveni."

Akaondoka. Hakugomba wala hakulia. Nukta alibaki ameketi akiitazama mvua dirishani, na baba akawa anaifuta meza iliyokuwa safi.

Kesho yake kazi iliendelea kama kawaida. Akaja mama mmoja kuchukua keki ya binti yake. Binti huyo alikuwa akisoma darasa moja na Nukta, na alikuwa amefaulu vizuri sana. Nukta alikuwa anamalizia neno Hongera.

"Na wewe, mwanangu, yako vipi?" mama yule akauliza kwa wema.

Nukta akafungua kinywa. Mama yake akamuwahi.

"Yake bado hayajatoka," alisema Mama Keki. "Sijui wana tatizo gani huko."

Mkono wa Nukta ulisimama katikati ya herufi. Kisha ukaendelea. Alimaliza neno, akaweka na ua dogo la krimu pembeni. Akanawa mikono, akatoka uani.

Tangu siku hiyo Nukta akawa mtu wa ndiyo na hapana. Alikula kidogo na kulala sana. Mlango ukigongwa, alikimbilia uani kuosha trei. Baba alijaribu kumchekesha, akachoka. Siku moja, wakati wa chakula, Nukta alisema bila kuinua macho:

"Chuo siendi. Nitabaki hapa nimsaidie mama. Huku nyuma hakuna anayeniuliza kitu."

"Muda wa kuripoti unakaribia," baba alisema.

"Najua, Baba. Lakini nikienda nitapata wastani tena. Halafu mama atasema tena hayajatoka."

Baba akaweka kijiko chini. Mama Keki alisikia masikio yakipata moto.

Katika mtaa ule alikuwepo mwalimu wa ushauri nasaha. Alifundisha shule nyingine, na vijana walimwita Mwalimu Miwani, kwa sababu miwani yake ilikuwa mikubwa na kila mara alikuwa anaitafuta. Wiki hiyo alikuja kuagiza keki. Alimkuta Mama Keki amesimama mbele ya bakuli, mwiko umetulia, macho yakiwa mbali.

"Mama Keki, umelala wima?"

"Nimechoka tu, Mwalimu. Karibu. Unataka keki ya nani? Aliyeongoza?"

"Ya darasa zima. Waliopata nyingi na waliopata kidogo. Watakula wote." Akachungulia uani. "Yule Nukta vipi? Nimemsalimia, amejibu kama mtu anayedaiwa."

Mama Keki akataka kusema kwamba hayajatoka. Akamwangalia Mwalimu, akaona aibu. Akavuta kiti, akamweleza yote. Wastani. Uongo aliomwambia mteja. Chuo ambacho mtoto hataki kukisikia.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimpongeza?" aliuliza.

"Kwa wastani? Mwalimu, nikishangilia wastani si nitamlea mtoto wa kuridhika na kidogo? Kesho hatajituma."

"Wazazi wengi huniambia hivyo. Wanaogopa, na si kwa ubaya. Lakini niambie, tangu umenyamaza, amejituma zaidi?"

Mama Keki akatazama uani. Nukta alikuwa anasugua trei iliyokuwa imeshatakata.

"Amejificha," alisema.

"Ndiyo. Kijana akiona aibu, hajitumi, anajificha. Na mtu aliyejificha hajaribu tena, kwa sababu kujaribu ni kuonekana. Kumpongeza hakumaanishi kwamba hapo alipofika panatosha. Kunamaanisha umeona alikotoka. Hesabu amepata nini?"

"Hesabu?" Mama Keki alikunja uso. "Sijui. Niliangalia jumla."

"Mwaka jana?"

"Mwaka jana alifeli vibaya. Na mwaka ule mwingine pia. Hesabu zilimtoa machozi tangu yuko mdogo."

"Basi hapo ndipo pa kuanzia. Usimlinganishe na binti wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Muulize kilichomtoa jasho, umsikilize. Usimdanganye kwamba ameongoza, maana wana masikio makali hawa, atajua. Sema lile ulilomwona akilifanya."

"Na ule uongo?"

"Huo ni wako," Mwalimu alisema kwa upole. "Mwombe radhi. Mtoto akiombwa radhi na mzazi, hamdharau. Halafu muulize angependa mfurahi vipi. Usimchagulie."

Akaanza kutafuta miwani ili aondoke. Ilikuwa kichwani kwake. Mama Keki alimwonyesha, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Alipobaki peke yake, alizima oveni. Jikoni pakawa kimya. Mwanga wa alasiri uliingia kwa dirisha, na vumbi la sukari ya unga likawa linaelea ndani yake polepole, kama ukungu ambao haujui uende wapi. Alisimama hapo kitambo. Kisha akapiga moyo konde, akatoka uani, akageuza ndoo, akaikalia.

"Nukta."

"Abee."

"Nilidanganya watu juu yako. Nilisema matokeo yako hayajatoka. Niliona aibu, na aibu ile haikuwa yako, ilikuwa yangu. Nisamehe, mwanangu."

Nukta aliendelea kusugua, lakini mkono ulipungua kasi.

"Na sikusoma masomo yako," mama aliendelea. "Nilisoma jumla tu. Hesabu umepata nini?"

Msichana akamwangalia, kama anapima kama swali ni la kweli.

"Nimefaulu," alisema. "Si sana. Lakini nimefaulu."

"Ulifanyaje? Wewe na hesabu mlikuwa hampikiki chungu kimoja."

Midomo ya Nukta ikacheza kidogo.

"Unakumbuka ile keki niliyoiunguza? Ya arusi?"

"Nitaisahauje? Nilitaka kukung'oa masikio."

"Nilikuwa nimekaa pale karibu na oveni na swali moja. Nilikuwa nimelihangaikia muda mrefu. Kila nikilijibu, najibu vibaya. Siku ile nikalifikiria kama unga na mayai. Nikajiuliza, kama kipimo cha watu wachache ni hiki, cha ukumbi mzima kitakuwa kipi? Jibu likaja. Nikalijaribu kwa swali lingine, likaja tena. Nikawa naendelea tu, sikusikia hata harufu. Nilikuja kushtuka moshi umejaa na wewe umesimama mlangoni."

"Na mimi nikakugombeza."

"Sana."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje, Mama? Keki ilikuwa nyeusi kama kiatu."

Mama Keki alianza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Akayafuta kwa aproni, unga ukamganda shavuni. Nukta naye akacheka. Baba alikuwa anarudi kutoka kazini. Akasimama mlangoni na mfuko wake wa vifaa, akiwatazama, asijue kama aingie au arudi alikotoka.

"Hongera, mwanangu," mama alisema. "Ulishindwa ukarudi, ukashindwa tena ukarudi. Hilo mimi sikuliona, na ndilo kubwa. Tukupongeze vipi? Nikupikie keki?"

"Hapana, Mama," Nukta alisema upesi. "Usikasirike, lakini keki nimezichoka. Hata nywele zangu zinanukia keki."

"Unataka nini basi?"

Nukta alifikiri. "Nataka twende kule bwawani, nje ya mji. Sote watatu. Na nataka wewe ukae, usifanye kitu. Sijawahi kukuona umekaa mchana."

Wakakubaliana kwenda Jumamosi. Jumamosi ilipofika, Mama Keki alikuwa anafunga mlango wa jikoni simu ikalia. Alikuwa yule mama wa siku ile. Alitaka keki nyingine kwa haraka.

"Leo sipiki," Mama Keki alimwambia. "Nukta amefaulu, tunakwenda kumpongeza."

"Kumbe yametoka?"

Mama Keki alivuta pumzi. Binti yake alikuwa amesimama hapohapo, ameshika kikapu.

"Yalitoka siku moja na ya wako. Amepata wastani, na ameishinda hesabu. Mimi ndiye niliyekuwa nimejificha."

Sauti ya upande wa pili ikasema, "Mpe hongera zangu. Mwambie ua lake binti yangu alikataa kulila, ameliweka kwenye jokofu."

Njia nzima Nukta alitembea katikati ya wazazi wake, jambo aliloliacha tangu akiwa mdogo.

Bwawa lilikuwa limelala. Maji yalikuwa na rangi ya mawingu, na mawingu yalikuwa na rangi ya maji, hata mtu ukitazama sana ulikuwa hujui kipi kiko juu. Baba alikunja suruali mpaka magotini, akaingia pembeni, akaanza kuwaeleza samaki jinsi jokofu linavyofanya kazi. Nukta alicheka mpaka akakaa chini. Mama alijinyoosha kwenye majani. Mikono yake haikuwa na cha kukoroga. Mwanzoni ilihangaika, ikachuma majani, ikapanga kokoto. Baadaye ikatulia kifuani.

"Mama, unaota tena?" Nukta aliuliza.

"Nilikuwa nataka kuota juu yako," mama alijibu. "Nikaona bora nikuulize wewe mwenyewe. Unaota nini, Nukta?"

Nukta alijilaza ubavuni pake, macho angani.

"Herufi," alisema. "Naota herufi kubwa. Za kwenye maduka, kwenye mabasi, kwenye milango ya hospitali. Nikitembea mjini nasoma mabango, naona hili limebanana, lile limelegea, natamani niyaandike upya. Pale chuoni wanafundisha kuandika mabango. Sikuwaambia kwa sababu nilijua unataka daktari."

Ndani ya Mama Keki kitu kilikuwa kinaondoka, taratibu, kama mtu anayeaga vizuri. Kiliuma kidogo.

"Nilitaka," alisema. "Itanichukua muda kuzoea. Lakini nenda. Nataka nisome mji mzima ukiwa umeandikwa na wewe."

Jua likapanda. Sauti ya baba na samaki wake ikawa mbali, mbali zaidi. Mama Keki alilala usingizi wa mchana, wa kwanza tangu aanze kupika, na binti yake akamwekea kikapu pembeni ili kimkinge jua usoni.

Nukta aliripoti chuoni kwa wakati. Wiki za mwanzo zilimtesa. Kulikuwa na kupima na kugawanya nafasi, na hesabu zilikuwa zimemfuata mpaka huko. Akarudi nyumbani na alama zake, nyingine nzuri, nyingine za katikati, akaziweka mezani mwenyewe bila kuulizwa. Mama yake alizisoma zote moja baada ya nyingine, akauliza ipi ilikuwa ngumu.

Basi Nukta alianza kusimulia. Alisimulia kuhusu rangi inayokauka haraka kuliko mkono. Alisimulia kuhusu mwalimu anayetembea na rula sikioni kama kalamu, na bango la kwanza alilopewa kuandika, la duka la viatu, ambalo alilifuta na kulirudia mpaka likakaa sawa. Mchuzi ukapoa. Baba alijaribu kuingiza neno, akakosa mwanya, akajaribu tena.

"Mke wangu," alisema mwishowe, "tulikuwa tunalia mtoto hasemi. Sasa mimi zamu yangu naiomba kwa nani?"

"Ngoja, Baba, sijafika kwenye lile la ngazi," alisema Nukta.

Mama Keki alisogeza sahani pembeni, akaweka shavu kwenye kiganja, akamsikiliza.