Mparachichi Chini ya Nyaya

Kila asubuhi Ndunge huchota maji, huwapa mbuzi majani, kisha hushuka mteremko wa Mbooni kwenda shule pamoja na mdogo wake, Musembi. Lakini kwa wiki nzima alikuwa akipita chini ya mparachichi wake bila kuinua macho.

Mti huo aliupanda akiwa gredi ya kwanza. Sasa ulikuwa umefikia nyaya za stima zinazopita shambani mwao. Mafundi wa stima walipokuja, waliweka alama nyekundu kwenye miti ya kupunguzwa. Ndunge akaipaka tope alama ya mparachichi wake. Siku ya kukata, mti wake ukaachwa.

Kisha asubuhi moja, wakienda shule, upepo ulivuma kwa nguvu. Ghafla, paa! Cheche zilitoka mtini, tawi likavunjika, na waya ukaanguka kwenye njia ya shule. Musembi alikuwa ametangulia.

"Musembi, simama! Usiende mbele!" Ndunge alipiga kelele. "Rudi kwangu polepole!"

Musembi alirudi hatua kwa hatua. Ng'ambo ya waya, watoto wengine walikuwa wakija wakicheka.

"Msikaribie! Kuna stima!" Ndunge aliita mpaka sauti ikakauka. Watoto wakasimama.

Mama yao, Kalunde, alitoka nyumbani mbio, akawaambia wote warudi nyuma, kisha akawapigia simu watu wa stima. Walingoja karibu saa nzima. Ndunge hakuondoa macho kwenye ule waya.

Mafundi walifika, wakazima stima na kuutoa waya. Mkubwa wao, Bwana Nzuki, aliutazama mti akashangaa. "Huu tuliurukaje?"

Ndunge angeweza kunyamaza. "Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nilificha alama kwa tope. Niliogopa mtaukata."

Mama alishika kichwa. "Ndunge! Na mdogo wako je?"

"Nisamehe, Mama."

Bwana Nzuki alichuchumaa mbele yake. "Tungepunguza matawi tu, binti. Ungetuuliza. Sasa mti umeungua, lazima uondoke. Chini ya nyaya pandeni maharagwe na mboga. Miti mirefu ikae mbali, na ikikaribia nyaya, tuiteni. Msiikate wenyewe."

Jumamosi, Ndunge na mama yake walichimba shimo kule mwisho wa shamba, mbali na nyaya, wakapanda mche mpya wa mparachichi.

"Safari hii ulisema ukweli baada ya hatari," Mama alisema akishindilia udongo. "Siku nyingine useme mapema, mwanangu. Ukweli uliochelewa ungeweza kutupokonya Musembi."