Onyo Langu Liligeuka Ushahidi

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, fundi cherehani, naishi Nangara hapa Babati. Wasomaji wenzangu, siku hizi situlii. Nashona, nafumua, nashona tena...

Jirani yangu Mama Neema alikuwa zaidi ya ndugu. Ndiye aliyemsimamia mwanangu ubatizo. Kilichotugombanisha ni mbwa wake, Tomi, aliyekula mayai ya kuku wangu. Siku moja nilitamka mbele za watu kwamba nitamkomesha. Mdomo uliponza kichwa!

Wiki hiyohiyo Tomi akaanza kutapika na kuharisha damu. Mtaa mzima ukasema kalishwa sumu. Wakamnywesha maziwa kwa nguvu, akayatapika yote. Nikamsihi Mama Neema tumpeleke kwa daktari wa mifugo. Akaniuliza kama bado sijaridhika. Tomi akafa.

Haikupita muda, mbwa wangu mdogo naye akaanza vilevile! Nikambeba mbio hadi mjini. Daktari alipima kinyesi, akasema hii si sumu, ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Akamtundikia dripu, akamchoma sindano ya kuzuia kutapika, akanikataza kumpa maziwa. Alipotulia tukamlisha chakula laini, kidogo kidogo. Akapona!

Ila daktari alinionya kwamba virusi hivyo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Mbwa mdogo asiletwe mahali palipougua mbwa mwingine kabla ya kumaliza chanjo.

Nikarudi nyumbani... nikamkuta Mama Neema akishusha kitoto cha mbwa kutoka kijiji cha Bonga.

Ninyamaze? Nilifika getini kwake, nikarudi, nikaenda tena. Mwishowe nikabisha.

"Mama Neema, usimweke huyu hapa. Atapatwa na yaliyompata Tomi."

Nikamweleza yote ya daktari. Akafunga mlango.

Kitoto kile kikafa. Safari hii hakulia. Alikuja kwangu akauliza taratibu, "Ulijuaje kabla?"

Nilimweleza upya habari za kipimo, maneno yakagonga ukuta. Jumapili mwanangu alimkimbilia kumpa shikamoo, Mama Neema akageuza uso. Mtoto wa watu kakosa nini?

Ndugu zangu, mbwa au paka akitapika, mpelekeni apimwe kabla hamjataja jina la mtu. Chanjeni mapema. Nawaomba sana!

Mbwa wangu ni mzima, anacheza uani. Kila akibweka, najua Mama Neema anamsikia.